Ukuta Ukianguka Saiti: Namna ya Kudai Bima na Haki Nyingine katika Mradi wa Ujenzi

Tuchukue mfano mmoja na tutembee nao hadi mwisho, kwa sababu madai ya ujenzi hayaeleweki vizuri yakielezwa hewani. Mwenye kiwanja anajenga nyumba ya ghorofa ya kupangisha kwenye mteremko wa Mbezi, Dar es Salaam. Mkandarasi amekwisha kumwaga zege la sakafu ya juu, na nyuma ya kiwanja amejenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Usiku mmoja wa masika, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, ukuta ule unalala. Unafukia banda la saruji, unabomoa uzio na choo cha nje cha jirani aliye chini, na unamvunja mguu mlinzi aliyekuwa amejikinga mvua kando yake.

Kunapopambazuka, kila mtu anauliza kama bima italipa. Swali hilo linakuja mapema mno, na tena ni pungufu. Ndani ya kifusi kile kuna madai yasiyopungua matano: la kazi na vifaa vilivyoharibika, la mali ya jirani, la mguu wa mlinzi, la muda na gharama ambazo mkandarasi atazipoteza, na la kosa la kitaalamu endapo aliyechora ukuta alikosea. Kila dai lina mdaiwa wake, lina ushahidi wake, na lina muda wake unaohesabiwa tangu usiku ule. Anayeyarundika yote katika barua moja kwa kampuni ya bima hujikuta baada ya miezi kadhaa amejibiwa nusu tu, na muda wa nusu iliyobaki umekwisha kupita. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyatenganisha na kuyaendesha kila moja kwa njia yake. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

Siku mbili za mwanzo

Uhai hutangulia. Waliojeruhiwa wapelekwe hospitali, eneo lizungushiwe utepe, na sehemu inayoning'inia iwekewe mirunda ili isilete hasara ya pili. Mkataba wa bima unamtaka mwenye bima achukue hatua zote zilizo ndani ya uwezo wake kupunguza hasara, kwa hiyo gharama ya mirunda na turubai iandikwe na risiti zitunzwe. Polisi wapewe taarifa pale ambapo mtu ameumia au mali imeibwa, na namba ya taarifa hiyo ihifadhiwe, kwa kuwa katika wizi wa nondo au saruji dai lisilo na taarifa ya polisi halifiki mbali.

Baada ya hapo, kifusi kisiguswe zaidi ya usalama unavyolazimu. Hili ndilo kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote: mkandarasi, kwa aibu au kwa haraka ya kurudi kazini, anawaingiza vibarua asubuhi ileile, na kufikia jioni mawe yamepangwa upya na chanzo cha ajali kimefutika. Mikataba mingi ya bima ya ujenzi inaruhusu uharibifu mdogo utengenezwe mara tu taarifa inapotolewa, lakini uharibifu mkubwa unapaswa kumsubiri mwakilishi wa kampuni auone kwanza. Asipofika katika muda unaokubalika kwa hali ile, mwenye bima anaruhusiwa kuendelea na matengenezo, ila awe na barua inayoonyesha kwamba alimwita na kumsubiri.

Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, huku futi imewekwa kando ya kitu kinachopigwa ili kipimo kionekane. Piga msingi uliofunuka, matundu ya kutolea maji kama yapo, udongo wa nyuma ya ukuta, alama ya kimo cha maji, na mali ya jirani kutoka pande zote. Chukua mawe machache yenye mota na uyaweke kwenye gunia lenye tarehe. Daftari la saiti la siku zile litolewe nakala, vivyo hivyo michoro, kibali cha ujenzi, majibu ya vipimo vya zege na vyeti vya malipo, na nakala hizo zikae mbali na saiti. Ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka tarehe 29 Machi 2013, suala liligeuka mara moja kuwa la jinai. Na pale vyombo vya uchunguzi vinapochukua nyaraka za mradi, mtu asiye na nakala hana pa kuanzia.

Taarifa kwa kampuni ya bima itolewe kwa simu siku hiyohiyo na kwa maandishi siku inayofuata. Mikataba mingi ya bima ya hatari zote za mkandarasi, ambayo ndiyo bima ya ujenzi tunayoizungumzia, inafuata maneno yaliyoandaliwa na Munich Re, kampuni ya Ujerumani inayozikatia bima kampuni nyingine za bima, na maneno hayo yanasema kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote ambayo haikupewa taarifa ndani ya siku 14 tangu ilipotokea. Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wazoefu. Wakala wa bima ni mtu wa kampuni, lakini dalali wa bima ni mtu wako wewe uliyemtuma. Kumwambia dalali si sawa na kuiambia kampuni. Mpe dalali kazi ya kuipeleka barua, lakini dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa na kampuni yenyewe.

Barua hiyo iwe fupi na iseme yale tu yaliyoonekana. Inatosha kuandika hivi: "Usiku wa kuamkia tarehe fulani, wakati mvua ikinyesha, ukuta wa kuzuia udongo wa upande wa mashariki ulianguka kwa urefu wa takriban mita 14. Uharibifu umefikia banda la vifaa na mali ya jirani, na mtu mmoja amejeruhiwa. Chanzo bado kinachunguzwa. Tunaomba mkadiria hasara afike haraka. Eneo tumeliacha kama lilivyo isipokuwa pale usalama ulipolazimu." Usiandike kwamba fundi alizembea, wala kwamba mvua ilikuwa ya ajabu. Vyote viwili ni maoni, na vyote viwili vitasomwa tena siku utakayobishaniwa.

Mkataba wa bima usomwe kabla ya fomu kujazwa

Jambo la kwanza la kutazama ni kama bima yenyewe ipo. Stakabadhi ya ada iwepo, tarehe ya ajali iwe ndani ya kipindi cha bima, na hati yenyewe ihakikiwe katika mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa sababu karatasi nzuri yenye nembo si ushahidi kwamba kampuni ilikubali kubeba hatari. Miradi yetu huchelewa, na bima iliyokatwa kwa miezi 12 huisha wakati paa halijapigwa. Nyongeza ya muda wa bima huombwa kabla ya kuisha.

Kuna njia nyingine ya kupoteza bima ambayo watu wengi hawaifahamu. Kinga ya bima ya ujenzi huisha kwa sehemu yoyote ya jengo iliyokabidhiwa au iliyoanza kutumika. Desturi yetu ya kuhamia chumba kimoja huku vingine vikiendelea kujengwa, au kupangisha fremu za chini huku mafundi wakiwa juu, inaiondoa sehemu ile kwenye bima ya ujenzi bila mtu kutangaza. Tangu siku hiyo inahitaji bima nyingine, ile ya moto na majanga ya jengo linalotumika. Na kwa jengo la biashara, marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 yameifanya bima kuwa ya lazima. Jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na wafanyabiashara ndani yake, kwa hiyo maswali yake ya bima si yaleyale ya saiti. Vivyo hivyo, kazi ikisimama kwa sababu fedha zimekwisha, hasara inayotokana na kusimama huko haimo katika bima. Anayelazimika kusimamisha ujenzi aiandikie kampuni barua na kuomba masharti ya kipindi hicho.

Jambo la pili ni kiasi kilichokatiwa bima, na hapa inafaa tukae kidogo. Masharti yanataka kiasi hicho kisipungue thamani kamili ya kazi zitakapomalizika, pamoja na vifaa, ujira, usafirishaji, ushuru, na vifaa vyote vinavyoletwa na mwenye mradi mwenyewe. Sasa tazama namna tunavyojenga. Wengi hununua saruji, nondo, tofali na mabati wenyewe, kisha wanampa mkandarasi mkataba wa ufundi tu. Mkandarasi anapokwenda kukata bima anachukua tarakimu ya mkataba wake. Tuseme jengo letu la Mbezi likikamilika lingegharimu shilingi milioni 800, lakini bima ilikatwa kwa milioni 500. Hasara ya ukuta, banda na vifaa ni milioni 80. Kampuni itazidisha hasara hiyo kwa 500 na kugawa kwa 800, ipate milioni 50, kisha itoe ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe, tuseme milioni 5. Malipo yanakuwa milioni 45, na milioni 35 zinabaki shingoni mwa mwenye jengo ingawa alilipa ada yake yote kwa wakati. Huo si ujanja wa kampuni. Ulikuwemo katika mkataba tangu siku ya kwanza. Bei za vifaa zikipanda katikati ya mradi, kiasi cha bima nacho kipandishwe kwa barua.

Jambo la tatu ni chanzo. Katika maneno ya kawaida ya bima hii, hasara iliyosababishwa na kosa la usanifu haimo kabisa. Kosa la utekelezaji au la kifaa kibovu linachukuliwa kwa namna nyingine: gharama ya kurekebisha kile chenyewe kilichojengwa vibaya haimo, lakini uharibifu uliofuata kwa vitu vingine vilivyojengwa vizuri umo. Kwa hiyo ikiwa mchoro haukuonyesha matundu ya kutolea maji, dai zima liko hatarini. Ikiwa mchoro uliyaonyesha na fundi akayaziba kwa mota, ukuta wenyewe unaweza kukataliwa lakini banda, saruji na sehemu za jengo zilizogongwa zikalipwa. Ripoti ya mhandisi inabeba uzito mkubwa kuliko fomu ya dai. Atafutwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiwe yuleyule aliyechora, na aelezwe swali la kujibu waziwazi: kipi kilianza kushindwa, kwa nini, na kipi kiliharibika kwa sababu ya hicho. Nasisitiza kwamba haombwi apindishe matokeo. Bima imejengwa juu ya ukweli kamili wa pande zote mbili, na dai lenye udanganyifu hata kidogo huangusha haki zote zilizo chini ya mkataba, pamoja na zile ambazo zingelipwa bila ubishi.

Kwa hasara ya mvua, tafuta ukurasa wa nyongeza unaohusu mvua na mafuriko. Nyongeza inayotumika sana inasema kampuni italipa tu ikiwa mradi ulichukua tahadhari za kutosha kwa mvua ambayo kitakwimu hurudi mara moja katika kila miaka 20. Hoja hii haijibiwi kwa kusema kwamba mvua ilikuwa kubwa kuliko zote ulizowahi kuziona. Andika kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania uombe takwimu za mvua za kituo kilicho karibu na saiti kwa siku zile, kisha mhandisi azilinganishe na uwezo wa mifereji iliyokuwepo. Mfereji uliojaa kifusi na mifuko ya plastiki utakugharimu dai hata kama ulichorwa vizuri, maana njia za maji zinapaswa kuachwa wazi.

Jirani na mlinzi

Jirani si sehemu ya mkataba wako, lakini sehemu ya pili ya bima ya ujenzi inahusu madhara kwa watu wengine. Kabla ya kuitegemea, angalia kama hati yako ina nyongeza inayogusa mtikisiko na kuondolewa kwa kinachoshikilia udongo au jengo la jirani. Bila nyongeza hiyo, uzio ulioanguka kwa sababu ulichimba karibu nao haumo. Nyongeza hiyo nayo huwa na sharti kwamba hali ya jengo la jirani ilikaguliwa na kuandikwa kabla ya kazi kuanza. Mradi wowote unaochimba karibu na mpaka uanze na picha za nyufa za jirani, zikiwa na saini yake na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Bila picha hizo, kila ufa wa zamani utahesabiwa kuwa wako.

Sasa lipo sharti linalopingana na malezi yetu. Mkataba unakataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi au kulipa chochote kwa aliyedhurika bila ridhaa ya maandishi ya kampuni. Lakini uzio wa jirani umelala, watoto wake wako nje, na wewe uliyelelewa vizuri huwezi kupita bila kusema pole. Nenda ukampe pole. Msaidie turubai na uweke mlinzi upande wake, kwa kuwa hizo ni hatua za kupunguza hasara. Usilokubali ni kuketi kwa mtendaji wa mtaa siku ileile na kusaini karatasi inayosema kwamba utajenga uzio na choo kipya kufikia mwisho wa mwezi. Karatasi ile itatumika dhidi yako mara mbili: jirani ataitumia mahakamani, na kampuni ya bima itaitumia kukataa kulipa. Mwambie jirani aandike barua ya madai kwako, nawe uipeleke kwa kampuni bila kuijibu mwenyewe. Kama suala litaletwa mtaani kabla kampuni haijajibu, iandikwe katika kumbukumbu kwamba wewe hukubali wala hukatai hadi uchunguzi utakapokamilika.

Mguu wa mlinzi hauko katika bima ya mradi, kwa sababu sehemu ya watu wengine huwaondoa wafanyakazi wa mkandarasi na wa mwenye mradi. Dai lake ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwajiri anawajibika kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba baada ya kujua ajali, na taarifa ya ajali ya kazini ipelekwe pia OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Ugumu mara nyingi hauwi katika kiasi cha fidia bali katika kuthibitisha kwamba aliyeumia alikuwa mfanyakazi, na wa nani. Kibarua aliyelipwa mkononi jioni, asiye na jina popote, huwaachia wote tabu. Orodha ya walioingia saiti kila siku, yenye majina na saini au dole gumba, ndiyo inayomaliza ubishi huo. Mlinzi akiwa ni wa kampuni ya ulinzi, mwajiri wake ni kampuni ile, na ndiyo inayotakiwa kutoa taarifa.

Kati ya mwenye mradi na mkandarasi

Bima hailipi muda uliopotea, wala fidia ya ucheleweshaji, wala kodi ya wapangaji ambao hawakuingia. Hayo yanasimamiwa na mkataba wa ujenzi. Katika miradi inayotumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi anayetaka nyongeza ya muda au malipo ya ziada anatakiwa kutoa notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lenyewe. Kwa toleo la mwaka 1999, maelezo kamili ya dai hufuata ndani ya siku 42. Kwa toleo la mwaka 2017, ndani ya siku 84. Siku 28 zikipita kimya, haki ya muda na ya fedha imepotea, na hapo mwenye mradi anaweza kukata fidia ya ucheleweshaji kwa siku zilezile ambazo mvua ndiyo iliyozila. Miradi mingine hutumia masharti ya Baraza la Taifa la Ujenzi, ambayo yana taratibu zake za notisi, na msomaji ayafungue mwenyewe badala ya kukisia kwa kufananisha na FIDIC.

Kwa nyumba za watu binafsi, mkataba mara nyingi ni kurasa mbili zilizoandikwa kwenye duka la steshenari, au ni mazungumzo ya WhatsApp. Hata hivyo ni mkataba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi, ila mahakama itataka kujua ulihifadhiwaje na ulitoka katika simu ya nani, kwa hiyo simu yenyewe isiuzwe na mazungumzo yasifutwe. Mkataba wa karatasi nao ulipiwe ushuru wa stempu mapema, kwa kuwa usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi hadi ushuru na faini vilipwe, na wakili wa upande wa pili hatasahau kulitaja hilo.

Kuna karatasi moja inayochanganywa sana na bima, nayo ni dhamana ya utekelezaji wa kazi. Kwa kuwa hutolewa na benki au na kampuni hizohizo za bima, wengi hudhani inafanya kazi moja na bima ya ujenzi. Dhamana inamlinda mwenye mradi dhidi ya mkandarasi aliyeshindwa kutimiza mkataba, na kampuni ikilipa humrudia mkandarasi. Kama mkandarasi wa Mbezi ametoroka baada ya ukuta kuanguka, dhamana ndiyo ya kuitwa, na iitwe kabla ya tarehe yake ya mwisho, kwa utaratibu uleule ulioandikwa ndani yake. Aliyechora ukuta naye adaiwe kwa barua ya pekee, na aulizwe kama ana bima ya dhima ya kitaalamu. Bima hizo kwa kawaida huhesabu mwaka ambao dai limeletwa, si mwaka ambao mchoro ulichorwa, na mtaalamu anayechelewa kuitaarifu kampuni yake huenda akabaki bila kinga.

Kukaa na mkadiria hasara

Mkadiria hasara, yaani mtaalamu anayepima chanzo na kiasi cha hasara, huteuliwa na kampuni, lakini ripoti yake ndiyo itakayowafunga nyote wawili, kwa hiyo msilumbane naye langoni. Mpe orodha ya hasara iliyopangwa kwa mfuatano wa mchanganuo wa gharama wa mradi: mita za ujazo za mawe, mifuko ya saruji kwa stakabadhi za ununuzi na daftari la stoo, siku za mafundi kwa karatasi za malipo. Upungufu uliogunduliwa wakati wa kuhesabu stoo tu, bila tukio la kuuelezea, haulipwi. Usiuchomeke katika dai la ukuta, maana mifuko 20 ya mashaka itamfanya aitilie shaka mifuko mingine 180. Gharama ya kuondoa kifusi huwa na mstari wake katika jedwali la bima, na kama mstari huo umeachwa wazi, kifusi ni mzigo wako. Usiweke kodi ya ongezeko la thamani katika dai ikiwa umesajiliwa na unarejeshewa kodi hiyo. Ukiamua kujenga upya kwa zege na nondo mahali palipokuwa na mawe, tofauti ya gharama ni yako.

Maswali yake yajibiwe kwa maandishi na kila kikao kiandikiwe kumbukumbu. Yakibaki mambo yasiyo na ubishi, omba malipo ya sehemu hiyo kwanza. Kabla ya kupokea, soma kwa makini hati ya kukubali malipo. Ikiwa inasema "malipo kamili na ya mwisho" wakati dai la jirani bado halijaamuliwa, irudishe iandikwe kwamba ni malipo ya awali ya kipengele fulani. Mradi wenye mkopo wa nyumba huwa umeitaja benki kuwa mnufaika wa kwanza, kwa hiyo hundi inaweza kuandikwa kwa jina la benki, na ni busara kuzungumza nayo mapema kuhusu namna fedha zitakavyorudi saiti. Tena usimsamehe mkandarasi wala mchoraji kwa maandishi kabla bima haijalipa. Kampuni inayolipa hurithi haki yako ya kumdai aliyesababisha hasara, na ukiifuta haki hiyo umeipa sababu ya kushikilia fedha.

Dai likikataliwa

Kukataliwa kwa mdomo hakuna maana. Omba barua inayotaja kipengele cha mkataba. Ijibu kwa kipengele hichohicho, ukiambatanisha ripoti ya mhandisi na takwimu za mvua, na upeleke kwa mkurugenzi wa kampuni badala ya dirisha la madai. Likikwama, malalamiko yanaweza kufikishwa TIRA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na mgogoro wenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa na kanuni unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni njia nyepesi kuliko mahakama, na naipendekeza ianze hiyo.

Mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, kisome kwa makini, kwa kuwa mara nyingi kinahusu kiasi cha malipo tu, si suala la kama kampuni inawajibika au haiwajibiki. Usuluhishi wenyewe unaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na anayekimbilia mahakamani huku kifungu hicho kipo ataombewa kesi yake isimamishwe. Kwa upande wa ukomo, dai linalotokana na mkataba lina miaka sita, na lile la madhara yasiyotokana na mkataba, kama la jirani, lina miaka mitatu. Lakini maneno ya Munich Re yana kipengele kifupi zaidi: dai likikataliwa na hatua ya kisheria isipoanza ndani ya miezi mitatu, manufaa yote yanapotea. Mawakili wanaweza kubishana kama kipengele hicho kinasimama mbele ya sheria zetu. Wewe usiwe mtu wa kulijaribu swali hilo kwa kesi yako: siku barua ya kukataliwa inapofika, igongwe muhuri wa tarehe, miezi mitatu ihesabiwe kwenye kalenda ya ukutani, na wakili aonwe katika mwezi wa kwanza.